Jua la Bure, Taa ya Mkopo

Hadithi, hadithi! Kwetu mtoto huitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo itikieni nusu. Utamu na uje, uongo tuuache nje ya mlango, kwa sababu haya ninayowasimulia yalitokea, na huenda taa mnayosomea jioni ya leo ni mojawapo ya matokeo yake.

Palikuwa na shule ya harambee iitwayo Karamugi, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru. Shule ya harambee hujengwa na wazazi wenyewe: huyu kaleta mawe, yule kaleta mbao, asiye na kitu kaleta mikono yake. Nyaya za stima hazikufika huko. Mwaka 1984 wasimamizi wa shule walikuwa wakifikiria kununua jenereta ya dizeli ili wanafunzi wapate kusoma usiku. Jenereta mnaijua. Inanguruma, inatoa moshi, na kila wiki inataka mafuta, yawepo au yasiwepo.

Shuleni hapo alikuwapo mwalimu kijana kutoka Marekani, Mark Hankins, aliyekuja kufundisha kwa kujitolea. Alikuwa amefahamiana na Mmarekani mwenzake, injinia Harold Burris, aliyekuwa akifunga mitambo ya sola katika sehemu hizo za nchi. Wakawashauri wasimamizi wa shule waache jenereta, wanunue paneli za kupokea mwanga wa jua. Wazee wakapiga hesabu, wakakubali, na madarasa ya Karamugi yakawaka taa bila nguzo wala dizeli.

Jambo moja katika kisa hiki nalisifu kuliko taa zenyewe. Burris hakufunga mitambo akaondoka na ujuzi wake. Aliwafundisha vijana wa hapohapo kazi ya kufunga na kutengeneza. Walimu nao waliona taa za shule, wakataka za nyumbani kwao. Vijana wakapata wateja. Kutoka mlimani biashara ikashuka mijini, maduka yakaanza kuuza paneli juu ya kaunta, sawa na redio na baiskeli, na miaka michache baada ya hapo Kenya ikawa inatajwa duniani kote kama nchi ambayo watu wa vijijini hujinunulia sola kwa fedha zao, bila kungoja serikali.

Na mnajua walichokitaka zaidi? Televisheni. Msicheke. Watu wengi walikuwa tayari na televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, na waliiwasha kwa betri ya gari. Betri ikiisha nguvu, mtu aliifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaipeleka sokoni kuchajiwa, akaiacha huko siku nzima au zaidi, kisha akairudisha nyumbani akiomba asidi isimwagikie suruali. Paneli ndogo juu ya mabati iliwaondolea safari hiyo. Wataalamu walioandika kwamba maskini wananunua sola ili watoto wasome hawakukosea sana, lakini wangeuliza pia ni nani alikuwa anacheza mpira Jumamosi hiyo.

Nimesema maskini, na hapo nijirekebishe kidogo. Walionunua wakati huo walikuwa walimu wenye mshahara, wakulima wa chai na kahawa, wenye maduka. Jirani yao mwenye shamba dogo la mahindi na mbuzi wawili aliitazama ile paneli kutoka upande wa pili wa ua, kisha akaingia ndani kuwasha koroboi.

Kabla hatujamfuata huyo jirani ndani, ngojeni kwanza. Najua kuna mmoja wenu anataka kuuliza: kioo kinawezaje kutoa umeme?

Paneli hutengenezwa kwa silikoni, na silikoni hupatikana katika mchanga. Mchanga safi huchomwa katika tanuri kali, husafishwa mara nyingi, kisha silikoni yake hukatwa vipande vyembamba kuliko ukucha wako. Upande mmoja wa kipande hutiwa kiasi kidogo mno cha fosforasi, na upande wa pili boroni. Kwa hiyo pande hizo mbili hazilingani, na pale zinapokutana huzaliwa msukumo unaoelekea upande mmoja tu. Ndani ya silikoni mna elektroni, chembe ndogo zisizoonekana hata kwa darubini ya shule. Mwanga ukiipiga silikoni huzing'oa elektroni kutoka mahali pake, na ule msukumo huzipeleka zote njia moja. Unganisha waya, zitapita wayani. Mwendo wao ndio umeme. Hakuna kinachoungua wala kinachozunguka, ndiyo sababu paneli haina moshi wala kelele.

Kumbukeni pia kwamba paneli hutumia mwanga na si joto. Ikipata joto jingi hutoa umeme pungufu kidogo. Ndiyo maana fundi mzuri huiinua paneli juu ya bati kwa vyuma, upepo upate kupita chini yake.

Aliyeligundua jambo hili kwanza alikuwa kijana wa miaka 19, Edmond Becquerel wa Ufaransa, akifanya majaribio katika maabara ya baba yake mwaka 1839. Alichokiona kilikuwa umeme kidogo sana, usiotosha kitu. Ilipita zaidi ya miaka mia moja hadi mwaka 1954, ambapo Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, wote wa maabara ya Bell huko Marekani, walitengeneza kipande cha silikoni kilichogeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Chapin alikuwa anatafuta nini? Alikuwa anatafuta namna ya kuendesha simu katika nchi zenye joto na unyevu, ambako betri za kawaida ziliharibika haraka. Yaani kazi ile ilianza kwa kufikiria nchi za aina ya zetu! Lakini paneli zilikuwa ghali ajabu, na walioweza kuzinunua walikuwa watengenezaji wa setilaiti. Mwaka 1958 setilaiti ya Vanguard 1 ikarushwa ikiwa na vipande vya silikoni ubavuni. Sola ilifika angani miaka 26 kabla ya kufika Karamugi.

Kipande kimoja cha silikoni hutoa kama nusu volti tu. Kwa hiyo mafundi huvipanga vipande 36 kwa mstari, kimoja kikimpokeza mwenzake, jumla ikawa volti 18 hivi, zinazotosha kuchaji betri ya volti 12. Huo mstari ni sawa na watu waliopangana kutoka mtoni hadi nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo. Mmoja akisinzia, ndoo zote zinakwama kwake. Tawi moja la mwembe likitia kivuli kwenye kipande kimoja, paneli nzima hulegea. Basi ukisikia bibi analalamika kwamba sola yake imechoka, panda uangalie kwanza mwembe, halafu vumbi, halafu mavi ya kunguru. Fundi mwite baada ya hapo.

Sasa turudi kwa jirani mwenye koroboi, ambaye wengine mtasema kibatari. Ni kopo la bati, utambi wa pamba au kitambaa, na mafuta ya taa. Wenye uwezo kidogo walikuwa na chemli, yenye kioo cha kukinga upepo. Mimi nimesomea koroboi, na naweza kuwaambia mambo yake ambayo hayamo vitabuni. Asubuhi ukipenga kamasi hutoka nyeusi. Daftari lazima uliweke karibu sana ili uone mstari, na nywele za mbele zinanusa moto mara kwa mara. Mama huupunguza utambi kila baada ya muda kwa sababu mafuta yanakwisha, na wewe hujamaliza hesabu.

Hayo ni madogo. Makubwa ni moto unaoshika neti ya mbu au nyasi za paa, na mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda pembeni mwa nyumba. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anaona soda. Katika hospitali zetu nyingi watoto waliokunywa mafuta ya taa ni wagonjwa wa siku zote, na daktari atawaambia msimtapishe mtoto huyo, kwa sababu mafuta yakiingia mapafuni ndiyo huua.

Kuna jambo jingine ambalo lilichukua muda mrefu kueleweka na wenye mipango mikubwa. Koroboi ilikuwa ghali. Mwenye stima mjini alilipa fedha kidogo kwa mwanga mwingi, na mwenye koroboi alilipa fedha nyingi kwa mwanga usiofika kwenye kona ya chumba. Mafuta yale yalinunuliwa kwa kipimo, kidogo kidogo, ya usiku mmoja, kama familia ilivyonunua chumvi na majani ya chai. Kenya wanauita uchumi wa kadogo. Anayenunua kidogo kidogo hulipa bei ya juu kuliko anayenunua debe, lakini fedha ya debe hana. Juu ya mafuta, kulikuwa na simu. Vijiji vilipata simu kabla ya kupata umeme, na kuichaji dukani kuligharimu shilingi 10 au 20 kila mara.

Basi maskini hakuwa mtu asiye na fedha ya taa. Alikuwa anailipa kila siku. Alichokosa ni zile elfu kadhaa za kulipa kwa mkupuo ili aache kulipa kila siku. Shikeni hapo, maana hadithi yote iliyobaki inategemea hilo.

Mambo manne yalikutana kumfikia, na hakuna hata moja lililobuniwa na mtu mmoja kwa ajili yake.

La kwanza ni taa yenyewe. Balbu ya zamani, ile yenye waya mwembamba unaong'aa, ilikula wati 60. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, walifanikiwa kutengeneza taa ya LED ya rangi ya buluu, jambo lililowashinda wengi kwa miaka. Wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mtauliza, buluu ya nini? Ni kwamba ukiwa na buluu unaweza kupata mwanga mweupe, na taa nyeupe ya LED ya wati 8 au 9 huangaza sawa na ile balbu ya wati 60. Taa ikila kidogo, paneli ndogo inatosha. Paneli ikiwa ndogo, bei inashuka.

La pili, paneli zenyewe ziliporomoka bei. Mwaka 1977 wati moja ya sola iliuzwa kwa zaidi ya dola 70 za Marekani. Leo ni chini ya nusu dola, hasa kwa sababu ya viwanda vikubwa vya China. La tatu, betri za lithiamu, ndugu za hizi zilizomo kwenye simu, zikawa nyepesi na za kudumu kuliko zile nzito za asidi.

La nne ndilo ninalopenda kulisimulia, kwa sababu lilianzia hapa kwetu. Mwezi wa Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Mtu akaweza kutuma shilingi 50 kwa simu bila kupanda matatu hadi benki. Kabla ya hapo, kampuni iliyotaka kukusanya shilingi 50 kila siku kutoka kwa nyumba elfu moja zilizotawanyika milimani ingetumia fedha nyingi kwa nauli na mishahara kuliko hizo zinazokusanywa. Sasa fedha zilijipeleka zenyewe.

Nick Hughes, mmoja wa waliobuni M-Pesa, aliona mlango huo. Pamoja na Jesse Moore na Chad Larson akaanzisha kampuni ya M-KOPA, iliyoingia sokoni Kenya mwaka 2012. Kampuni nyingine nyingi zilifuata njia hiyohiyo, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Mpango wao watu waliuita lipa polepole. Katika toleo moja la miaka ya mwanzo, mteja alitoa amana ya kama shilingi 3,000 za Kenya, akaenda nyumbani na boksi: paneli ya wati 8, taa za LED, redio, na nyaya za kuchaji simu. Kisha akalipa shilingi 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Ndani ya boksi mlikuwa na laini ya simu. Ukilipa, boksi linapata habari, linawaka. Usipolipa, linazimwa kutoka mbali, na jua linaendelea kupiga paneli bila faida.

Chukueni kalamu. Hamsini mara 365 ni 18,250. Ongeza amana, ni kama 21,250. Mtu aliyekuwa na fedha taslimu angeweza kununua vifaa vya namna hiyo kwa bei nafuu kuliko hiyo. Kwa hiyo maskini aliendelea kulipa zaidi ya mwenye nacho. Tofauti ni kwamba safari hii, mwaka ukiisha, kitu kinakuwa chake, na koroboi haikuwahi kuwa hivyo hata ukiilipia miaka arobaini. Mimi naona ulikuwa mpango mzuri, ila haukuwa sadaka, na anayewaambia ulikuwa sadaka anauza kitu.

Sasa hesabu ya pili, ya ndani ya boksi. Paneli ya wati 8 ikipata jua la kutosha kwa saa 5, huzalisha wati-saa 40. Nyingine hupotea njiani, vumbi linachukua, betri inachukua, zinabaki kama 30. Taa tatu za wati moja kwa saa 5 zinakula 15. Redio ya wati 2 kwa saa 4, inakula 8. Simu moja, kama 5. Jumla 28. Zimebaki mbili, na siku ya mawingu hazibaki. Huo ndio utajiri wote wa nyumba hiyo kwa siku, na mama mwenye nyumba huujua vizuri kuliko injinia: huyu azime taa, yule asichaji simu ya rafiki yake.

Pasi ya umeme ya wati 1,000 ingezimeza wati-saa hizo 30 kwa muda usiofika dakika mbili. Kupika ugali kwa boksi hilo msiwaze. Kuni na mkaa viko palepale. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema kijiji fulani kina umeme, mwulizeni: umeme wa nini? Wa taa tatu na redio, au wa kusaga mahindi, kuchomelea geti na kupoza chanjo za watoto zahanati? Hata nguzo kupita kijijini si sawa na umeme kuingia ndani. Wako watu wengi, Kenya na Tanzania, wanaolala gizani huku waya ukipita juu ya paa lao, kwa sababu ya gharama ya kuunganishiwa au kwa sababu nyumba yao iko mbali na nguzo ya mwisho.

Palipo na biashara mpya, matapeli hawachelewi. Zilikuja taa za sola zilizowaka wiki tatu zikafa, na paneli zilizoandikwa wati 50 wakati hazikufika hata nusu ya hapo. Mteja maskini akidanganywa mara moja, hanunui tena, na anawaambia ndugu zake wote. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na shirika lake la IFC, ulioanzia Kenya na Ghana, ulisaidia hapo kwa kupima taa maabara na kutangaza zilizofaulu. Lakini soko la siku ya gulio ni refu, na karatasi ya maabara haifiki kila meza.

Serikali nazo zina mkono wa kulia na wa kushoto. Kenya mwaka 2018 iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ikitaka kuwazuia walaghai waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Walaghai walikuwa wachache, na wenye koroboi walikuwa mamilioni. Mnamo 2020 vifaa vya sola vikawekewa tena kodi ya ongezeko la thamani, mwaka uliofuata ikaondolewa. Mwenye duka hakujua apange bei gani.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi ya bei ni swali la fundi. Boksi likiharibika mwaka wa tatu, nani atalifungua? Kampuni ikifunga ofisi yake ya wilayani, nani anajua waya gani unakwenda wapi? Tangu siku za Karamugi, sola iliyodumu ni ile iliyoachiwa mtu wa karibu.

Twendeni Zanzibar, Kinyasini, kaskazini mwa Unguja. Hapo pana chuo cha Barefoot, na wanafunzi wake wengi si vijana waliotoka sekondari. Ni akina mama na mabibi kutoka vijijini, waliochaguliwa na watu wa vijiji vyao, na baadhi hawakupata kusoma sana. Wanakaa chuoni miezi kadhaa, wakijifunza kuunganisha nyaya, kulehemu vifaa vidogo kwenye bodi, kupima betri kwa mita, kufunga paneli juu ya paa. Maandishi yakiwa magumu, rangi husaidia: waya mwekundu, waya mweusi, na vifaa hutambuliwa kwa rangi zake. Wakihitimu wanarudi kijijini kwao, wanazifungia sola nyumba za majirani, na ndio wanaoitwa taa ikigoma.

Njia hiyo ilitoka Tilonia, kijiji cha Rajasthan nchini India, ambako Bunker Roy alianzisha chuo cha Barefoot mwaka 1972. Wanawake kutoka nchi nyingi za Afrika, Zanzibar ikiwemo, walisafiri hadi huko, wengine wakiwa hawajawahi kupanda ndege wala kuzungumza lugha moja na mwalimu wao. Kwa nini mabibi? Roy amelieleza hilo mara nyingi, tena kwa maneno ya kuwaudhi vijana: mvulana ukimpa cheti, kesho yake anaondoka kwenda mjini kutafuta kazi, na bibi mwenye wajukuu na shamba haendi popote. Nawajua wavulana waliobaki na mabibi waliohama, lakini kwa jumla sina hoja ya kumpinga.

Fikirini pia mambo yanavyobadilika humo kijijini. Wanaume wazima wanamshikia ngazi bibi wa miaka hamsini na kitu aliye juu ya paa na bisibisi mkononi, na wakimwambia "Bibi, taa yangu haiwaki," anawauliza kwanza kama wamelipa mchango wa mwezi.

Na nguzo zikifika? Bangladesh ilipitia hayo kabla yetu. Tangu mwaka 2003, kwa mikopo midogo na mafundi wa mashirika ya vijijini kama Grameen Shakti, zaidi ya nyumba milioni 4 zilifungiwa sola. Ulikuwa mpango mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo. Kisha serikali ikasambaza nyaya kwa kasi, na nyumba nyingi zikaacha paneli zao zikipigwa vumbi. Wako wanaosema basi kazi ile ilipotea. Mimi sioni hivyo. Mtoto aliyekuwa darasa la nne mwaka 2005 asingeweza kukisimamisha kichwa chake asome baadaye nguzo zikija. Makosa yalikuwa ni kuwauzia watu mkopo wa miaka mitatu katika kijiji ambacho nguzo zake zilikuwa tayari zimelala kando ya barabara. Huku kwetu, ambako nyumba ziko mbalimbali na umeme wa gridi hukatika, wengi wana vyote viwili: stima ya kupigia pasi na sola ya siku stima ikienda.

Sasa nyinyi wenye sola nyumbani, nina neno nanyi kuhusu betri, kwa sababu paneli hudumu miaka 20 na zaidi, ila betri hufa mapema, na inapokufa mara nyingi ndiyo inapewa watoto wachezee. Betri ya asidi ina madini ya risasi ndani, na risasi hiyo ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo huharibu ubongo wake bila dalili ya haraka. Ya lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto. Msiifungue, msiitupe shimoni wala chooni, wala msiichome na takataka. Irudisheni kwa fundi au duka lililoiuza, maana betri chakavu za asidi hununuliwa kwa kilo. Na kama waliowauzia hawajui betri zilizokufa zinapelekwa wapi, waulizeni tena mwezi ujao, mkiwa na wenzenu wengi zaidi.